Uliza Fundi wa Tovuti: Wageni Wanaingia, Simu Hailii

Wasomaji, barua za mwezi huu zimekuwa nyingi na karibu zote zinalia kilio kimoja, nililipa pesa nikatengenezewa websaiti, mbona watu hawaitumii. Nimechukua tano, Kisumu, Nakuru, Siaya, Kakamega na Bungoma. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu najua kuna wengi wako na shida hio hio na hawajaandika.

*Fundi hujambo. Niko na karakana ya viti na vitanda hapa Kibuye. Mtoto wa dadangu alinitengenezea websaiti mwaka jana na inapendeza kweli, picha zinapita zenyewe, maandishi yanaingia kutoka pembeni. Ananiambia kila siku kuna watu wanaingia. Lakini simu hailii. Wanaonunua ni wale wa WhatsApp na wale wa kupita tu Jumapili sokoni. Niongeze picha ama nibadilishe rangi?*
*Mama Fanicha, Kisumu*

Sijambo mama, na pole. Rangi iache kwanza. Nilichukua simu yangu ile ndogo iliyopasuka kioo, huwa naiweka kwa kazi hii tu, nikazima waifai nikafungua websaiti yako nikiwa nimesimama nje juani. Nilihesabu mpaka 20 kabla sijaona kiti hata kimoja. Mteja wako hawezi kuhesabu mpaka 20, mama, yeye akifika 5 amerudi Facebook.

Shida ya kwanza ni picha. Uko nazo 12 na zimetoka kwa simu zikaingia moja kwa moja bila kupunguzwa, kila moja karibu MB 4, kwa hivyo jumla ni MB 48, na hizo MB anayezilipia ni mteja. Mtu amenunua bando ya siku, amekaa kwa matatu kutoka Luanda ya Vihiga, anafungua viti vyako na bando inaanza kuyeyuka mkononi. Picha ya simu za siku hizi inaweza kuwa na upana wa pikseli 4000, pikseli ni vile vinukta vidogo vinavyounda picha, na kwa kioo cha simu pikseli 1000 zinatosha kabisa, hizo zingine zote ni mzigo wa bure. Mwambie huyo kijana azipunguze upana, alafu azigeuze ziwe WebP, ile aina ya picha Google walitoa 2010 na ambayo brauza karibu zote sasa zinaifungua. Kila moja itashuka mpaka kama KB 120, zote 12 ziwe kama MB 1.4 hivi. Kuna programu ya bure inaitwa Squoosh, unaifungua tu kwa brauza na kazi yote haimalizi asubuhi moja. Google wenyewe wanataka kile kitu kikubwa cha kwanza kwa ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na ukiweka picha nyepesi na uondoe hizo zinazopita zenyewe unaweza kufika hapo.

Ya pili. Pale juu pameandikwa Karibu Katika Ulimwengu wa Ubunifu na Ubora. Mtu akipita nje ya karakana yako anaona viti, ananusa vanishi, anasikia randa, hahitaji kuambiwa hapa kuna nini. Kwa simu hana hayo yote, ana yale maneno tu, na hayo maneno yanaweza kuwa ya saluni, ya kanisa, ya shule ya chekechea. Andika tu, Viti, vitanda na kabati, tunatengeneza hapa Kibuye Kisumu, tunakuletea mpaka Siaya, Vihiga na Busia. Bas.

Alafu bei. Mama hapa nataka tuongee kama watu wa nyumba moja, kwa sababu websaiti yako yote haina bei hata moja. Naelewa kwa nini, wa karakana ya jirani ataona ashushe, na mbao nazo leo ziko hivi kesho vile, na sponji ndio usiseme. Lakini fikiria mama mwingine ako Majengo pale Vihiga, amepewa pesa za chama wiki hii, anataka seti ya watu 7, haoni bei, kwa hivyo anaona kupiga simu ni kujiingiza kwa mazungumzo ambayo hajui yataishia wapi, anaona aibu mapema kabla hata hujamtajia. Anafunga. Hujawahi kumjua na hatarudi. Weka "kuanzia shilingi kadhaa" chini ya kila kiti, na useme bei inabadilika kulingana na kitambaa na mbao. Yule hawezi kufikia hio bei hatakusumbua, na yule anaweza atakupigia akiwa ameshaamua nusu.

Na atakupigia vipi? Namba yako iko ndani ya picha, lile bango la manjano. Ukiigusa hakuna kinachotokea. Mteja aichukue kalamu, aandike kwa mkono, arudi kwa sehemu ya kupiga simu, aichape namba moja moja. Namba iandikwe kama maandishi na iwekewe linki ya kupiga, akigusa mara moja simu inaita. Na kwa sababu wateja wako wengi ni wa WhatsApp, na hakuna ubaya wowote kwa hilo, chini ya kila kiti weka linki ya WhatsApp inayofunguka ikiwa na ujumbe tayari, "Habari, nauliza kuhusu kitanda cha 5 kwa 6", yeye kazi yake ni kutuma tu. Ile fomu ya Wasiliana Nasi yenye vijisanduku 8 itoe. Sijawahi kuona mtu anunue kitanda kwa fomu.

Mahali ulipo umeandika sanduku la posta. Andika vile ungemwelekeza mtu wa boda, ukitokea Kondele ushukie wapi, upinde wapi, upande gani wa soko, mlango rangi gani, alafu uongeze pini ya ramani kwa wale wanaoitumia.

Sasa hayo yote ukishafanya, kuna jambo moja ambalo nalithamini kuliko yote niliyosema hapo juu. Chukua simu, si ya huyo kijana, chukua ya kawaida, umpe mtu ambaye hajawahi kuona hio websaiti. Mama wa mboga, mwanafunzi, mtu wa boda. Mwambie, tafuta kitanda cha 5 kwa 6, uniambie bei, alafu unipigie. Kisha nyamaza. Mama, nyamaza kabisa, usimwambie "si hapo, bonyeza kule juu", maanake siku akiwa peke yake usiku nyumbani kwake hutakuwa hapo kumwambia bonyeza kule juu. Angalia kidole gumba chake. Kikisimama hewani hapo ndipo pana shida, kikigusa kitu ambacho si batani hapo pia pana shida, akirudi nyuma mara mbili andika. Fanya na watu 5. Jakob Nielsen, huyu Mdenishi aliyetumia miaka mingi kuchunguza vile watu wanatumia kompyuta, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo, na mimi kwa kazi yangu nimeona ni kweli, mara nyingi kufika mtu wa tatu wanaanza kukwama mahali pamoja. Rekebisha, alafu tafuta wengine 5. Huyo mtoto wa dadako akae hapo aone kwa macho yake, usimgombeze, ukimgombeza hataona kitu.

*Mimi ni kijana najenga websaiti. Mteja wangu ana hadiwea hapa mjini, anataka video ijicheze na sauti mtu akiingia, dirisha la kurukia mtu la "jiunge nasi", na maandishi ya kijivu hafifu vile aliona kwa kampuni ya ng'ambo. Nikimshauri ananiambia pesa ni zake. Nifanyeje?*
*Kijana wa Section 58, Nakuru*

Kijana wangu, pesa ni zake kweli, na kubishana na mzee mwenye hadiwea hutashinda. Mpeleke nje. Saa saba mchana, jua la Nakuru likiwa juu, mpe simu mkononi mwambie asome hayo maandishi ya kijivu. Hio itamaliza mjadala kuliko maneno yangu yote, lakini kama anataka hesabu mpe hesabu. Mwongozo wa kimataifa wa websaiti kutumika na watu wote, ule unaitwa WCAG, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na nyuma yake kwa angalau 4.5 kwa 1. Kijivu cha #999999, hio ni namba ya rangi kwa kompyuta, juu ya nyeupe kinapata 2.85. Kimefeli. #767676 kinapita kwa shida, 4.54. Chukua #333333 uwe na amani, kinazidi 12, na mzee bado ataona ni kijivu.

Video ya sauti nayo mwambie ukweli, Chrome tangu 2018 huwa inazuia video yenye sauti isijicheze mtu akifika tu kabla hajagusa kitu, kwa hivyo atakuwa amelipia kitu ambacho wateja wake wengi hawatasikia, na bando yao itakuwa imeliwa bado.

Dirisha la kurukia mtu, hapo nina uchungu wangu. Mwaka juzi mama mkwe wangu alizidiwa usiku, nikafungua websaiti ya hospitali moja nitafute namba ya dharura, na kitu cha kwanza kilichokuja ni dirisha la kusherehekea miaka yao kadhaa ya huduma, limefunika kioo chote, na ile alama ya kufunga ni ndogo kama mbegu ya terere na iko juu kwa kona. Nilikuwa natetemeka mikono. Nilijaribu mara nne. Tangu siku hio sijaweka dirisha la kurukia mtu kwa kazi yoyote na mteja akilazimisha namsimulia haya. Mwambie mzee wako, mtu anayeingia kwa hadiwea yake pengine bomba limepasuka nyumbani na maji yanafika kitandani.

Batani ziwe kubwa. WCAG 2.2 ya mwaka 2023 imeweka kiwango cha chini kabisa kuwa pikseli 24 kwa 24, lakini Apple wanashauri 44 na Google 48, na mimi nafuata 48 kwa sababu fundi wa ujenzi ana kidole cha fundi wa ujenzi, mara nyingi kikiwa na simiti. Kingine, kila picha iandikie upana na urefu wake ndani ya kodi, si kodi ya nyumba, ni yale maandishi ya kompyuta yanayojenga ukurasa. Usipoandika, ukurasa unaruka picha ikiingia, mtu alikuwa anataka kugusa Piga Simu anajikuta amegusa kitu kingine. Na ile kazi yako nyingine ulinitumia nione, ule mstari wa juu wa kuiambia simu itumie upana wake yenyewe umeusahau, ndio maana simu inajifanya kompyuta ya pikseli 980 na maandishi yanakuwa kama chawa. Uweke leo.

*Nilikuwa najisajili kwa kozi mtandaoni, fomu ikaniambia jina langu la mwisho si sahihi. Liko na ng'. Nikiondoa hako kaalama linakuwa jina lingine, na kitambulisho changu kinayo. Kwani kosa ni langu?*
*Mwenye ng', Siaya*

Si lako hata kidogo, na pole kwa kuambiwa na mashine ati hujui jina lako. Achieng' ni msichana aliyezaliwa jua likiwa kichwani, chieng' ni jua, sasa ukiondoa hio alama umebaki na nini? Na ata Kiswahili chenyewe, ng'ombe si ngombe, mtoto wa darasa la pili anajua hilo.

Ntakwambia kwa nini inatokea ili wajenzi wanaosoma hapa waone haya kidogo. Kwa lugha inayotumika kuongea na hifadhidata, ile ghala ya kompyuta inayoweka majina yenu, hio alama ndio inafungua na kufunga maneno. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuitumia kuingiza amri zake ndani ya fomu, kwa hivyo mjenzi anaogopa, na njia ya mkato anayoona ni kuikataza. Lakini dawa ya kweli iko na ni ya miaka mingi, unatenganisha amri na data, amri inatumwa kivyake na jina linatumwa kivyake, basi jina linaweza kuwa na alama yoyote na hakuna kinachoharibika. Aliyekataza ng' hakufunga mlango, amewafungia nje watu wa Nyanza, na kina Ng'ang'a na kina Ng'eno pia.

Wajenzi, kuna zingine za ndugu moja na hio. Simu nyingine zinaandika hako kaalama kakiwa kamepinda badala ya kusimama wima, pokeeni zote mbili. Namba ya simu mtu aandike 07, 01, 254, +254, na nafasi katikati au bila nafasi, kompyuta ndio ipange, isimwambie mtu kosa. Sehemu ya namba ilete kibodi ya namba. Fomu mlizonunua tayari kutoka Marekani zinauliza jimbo na zipu kodi, ile namba ya posta ya kwao, na nimeona mtu wa Bondo ameandika 00000 ili tu apite. Toeni. Na mtu akikosea kitu kimoja kati ya kumi msimfutie vile tisa vingine, tafadhalini, kuna watu wanajaza hizo fomu kwa saiba wakilipa kwa dakika.

Wewe dadangu ama ndugu yangu wa Siaya, wapigie hao wa kozi simu, uwaambie jina liingie kama liko kwa kitambulisho. Usikubali "tutaandika bila". Siku ya cheti utahangaika.

*Mimi ni mwalimu, sioni, natumia simu inayosoma. Websaiti ya shule tunayofundisha ilibadilishwa ikawa ya kisasa na tangu hapo nasikia tu "batani, batani, picha, batani". Nitawaambiaje wenzangu bila kuonekana nalalamika?*
*Mwalimu, Kakamega*

Mwalimu, heshima zako. Lalamika tu, una haki. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari, na websaiti ya shule ni habari.

Lakini najua staff rumu ilivyo, kwa hivyo njia yangu ni hii. Mwombe mwalimu mkuu na yule aliyeijenga wakae na wewe dakika kumi. Simu ya Android ina TalkBack, ile programu ya kusoma kioo kwa sauti, ndani ya mipangilio, ni ya bure, waiwashe kwa simu zao wenyewe, wafumbe macho, alafu wajaribu kutafuta karo ya kidato cha pili. Usiwasaidie.

Wakishafungua macho wape haya. Kila batani iwe na jina ndani ya kodi, ata kama kwa macho ni mchoro tu wa bahasha au simu. Kila picha yenye maana iandikiwe maelezo, "wanafunzi wa fomu tatu katika maabara", si "IMG ngapi ngapi", na picha ya mapambo tu maelezo yake yaachwe tupu ili simu iiruke. Vichwa viwe vichwa vya kweli kwa kodi, si maandishi yaliyonenepeshwa, maanake wewe unaruka kutoka kichwa hadi kichwa vile mwenye macho anapitisha jicho. Linki isiseme "bonyeza hapa", kwa sababu ukisomewa linki peke yake "bonyeza hapa, bonyeza hapa" haina maana, iseme "pakua orodha ya karo". Na hio orodha ya karo kama ni karatasi iliyoskaniwa, kwako ni picha tupu. Waichape.

Kuna moja ambayo karibu kila mtu anaisahau na inaniuma kwa ajili ya Kiswahili. Ukurasa wa Kiswahili unatakiwa uandikwe kwa kodi kwamba lugha yake ni sw. Usipoandikwa hivyo, au ukiachwa na alama ya Kiingereza iliyokuja na templeti, simu inaweza kusoma Kiswahili kwa mdomo wa Kiingereza, na nani ataelewa "wazazi" ikisomwa hivyo? Ni herufi mbili tu. Waambie waziweke mbele yako, alafu usikilize kama imekubali.

*Nina duka la mbegu na mbolea. Websaiti niiandike Kiswahili ama Kiingereza?*
*Wa Bungoma*

Kaa kwa kaunta siku mbili na daftari, andika maneno wateja wanauliza nayo vile vile yanavyotoka mdomoni. Kama wanasema "mbolea ya kupandia" usiandike jina refu la kemikali pale juu, liweke chini kwa wale wa kusoma gunia. Maneno ya menyu yawe Bei, Tuko Wapi, Piga Simu. Ukiwa na nguvu ya lugha mbili weka zote na batani ya kubadilisha ionekane juu, isijifiche chini kabisa, na kila upande uwe kamili. Kuna websaiti nyingi za kwetu ambazo ukibonyeza Kiswahili unapata aya moja ya kukaribishwa na mengine yote bado ni Kiingereza. Kama huwezi zote, anza na ile uliyoisikia zaidi kwa kaunta.